Mtu Aliyemzoeza Kutazamwa

Nyumbani walimwita Konokono. Jina alipewa na kaka yake tangu wangali watoto, kwa sababu mgeni akibisha hodi tu, yeye alikuwa keshajikunja nyuma ya mlango wa jikoni, na kumtoa huko ilikuwa kazi. Watoto wengi huwa hivyo, wakakua wakaacha. Yeye alikua, hakuacha. Alifika umri ambao wenzake wanapeleka watoto shule, na bado akawa anazunguka nyuma ya nyumba za watu ili asipite mbele ya duka la kona, pale wanapokaa watu wa kuulizana habari. Si kwamba alikuwa na ugomvi na mtu. Salamu tu ndiyo iliyomshinda. Akiiona inakuja kwa mbali, viganja vinatoka jasho, na baada ya kupita atairudia kichwani mchana kutwa: nimejibu vibaya, wamenicheka, wamesema naringa.

Aliishi na kaka yake na mke wa kaka. Wifi yake huyo alikuwa mwanamke wa maneno mengi na moyo mweupe, asiyejua kufunga mlango bila kuubamiza.

"Wewe wifi yangu," alikuwa akimtania, "posa yako italetwa kwa barua pepe. Na hata hiyo utaijibu kesho yake."

Kazi alikuwa nayo, tena nzuri. Aliajiriwa katika maabara ya vipimo, kwenye chumba cha nyuma kisicho na dirisha la kutazama barabara. Wataalamu wakishapima damu za watu na mengineyo, yeye huyaingiza majibu kwenye kompyuta, akayahakiki, yakaenda kwa madaktari na kwa wagonjwa wenyewe. Wenzake walimwita Dada wa Majibu. Alijua magonjwa ya nusu ya mji, yakiwemo yale ambayo mtu hapendi hata mwenzake wa kitandani ayajue, wala hakuwahi kufungua mdomo. Meneja alipenda kumsifu kwa hilo mbele za wageni. Chakula cha mchana alikula stoo, kati ya maboksi ya glavu na chupa za sampuli, mlango akiwa ameurudishia.

Siku moja Meneja akamwita. Alikuwa na uso wa mtu mwenye habari njema.

"Zinakuja mashine mpya," akasema. "Zitatuma majibu zenyewe. Wewe usiwe na wasiwasi, hatukuachi. Tutakuhamishia dirishani, mbele, upokee watu. Wagonjwa wanapenda sura ya upole."

Konokono akaitikia kwa kichwa, akashukuru, akaenda chooni akatapika.

Ndipo alipoanza kutafuta pa kukimbilia, akaona tangazo la kozi ya mtandaoni ya usalama wa kompyuta, ngazi ya mwanzo kabisa, ambayo mwisho wake kuna mtihani na cheti. Hakuwa na mapenzi makubwa na kompyuta. Alichokiona ni picha ya mtu amekaa peke yake chumbani mbele ya skrini, hana foleni mbele yake, hana wa kumsalimu. Akakata shauri siku hiyo hiyo. Kila akitoka kazini alijifungia chumbani na masomo yake: namna neno la siri linavyoibwa, namna barua ya uongo inavyotambuliwa, kwa nini mlango mmoja wa kompyuta huachwa wazi na mwingine hufungwa. Alikuwa na kichwa chepesi. Majaribio ya mwanzo aliyapita bila shida.

Kisha akafika kwenye maelezo ya mtihani wenyewe. Mtihani ungefanyikia nyumbani, lakini kamera iwe wazi tangu mwanzo hadi mwisho, na upande wa pili awepo msimamizi anayekutazama, ambaye anaweza kusema nawe wakati wowote, akuamuru ugeuze kamera chumba kizima. Akafunga kompyuta. Kwa siku kadhaa hakuigusa.

Kozi ile ilikuwa na kundi la kuandikiana, na Konokono hakuwahi kuandika humo. Jioni moja alijikaza akaandika mstari mmoja: je, kuna mwingine anayeogopa kutazamwa? Wengine wakamwekea vikatuni vya kucheka. Mmoja akamwandikia pembeni, faraghani. Jina alilojipa ni Jirani, na pale penye picha palikuwa na duara la kijivu tu.

"Mimi pia," aliandika. "Nilidhani niko peke yangu."

Alikuwa mpole huyo Jirani. Hakuuliza unaishi wapi, umeolewa, tuma picha. Aliuliza masomo. Akakumbuka kila kitu alichoambiwa, na Konokono alipokosa swali hakumcheka. Baada ya muda ndiye aliyetoa wazo.

"Tufanye mazoezi. Wewe washa kamera usome kama kawaida. Mimi nitakuwa msimamizi wako. Sitasema neno, wala yangu sitaiwasha, nisije nikakutisha. Utazoea kidogo kidogo."

Siku ya kwanza alivumilia muda wa birika kuchemka, akazima, akalala chali kitandani. Siku ya pili akaongeza. Jirani hakumharakisha hata mara moja. Zikapita wiki, na ikafika siku Konokono akasahau kabisa kwamba kuna mtu upande wa pili. Akajikuna kichwa, akapiga miayo, akaimba kidogo. Alipokumbuka alishtuka, kisha akacheka peke yake.

Na nje mambo yakabadilika kweli. Akaanza kupita mbele ya duka la kona. Mara ya kwanza aliitikia salamu akiwa anatazama viatu vyake. Baadaye akanyanyua macho. Wifi alimwona akinunua mkate mwenyewe, akasimama katikati ya njia na ndoo yake kama aliyeona mzuka.

Maswali ya Jirani yalikuja katikati ya masomo, madogo madogo, kama mtu anayetafuta mfano. Vitabu vinachosha, aliandika; nipe kitu cha kweli. Kwenu kazini mnatumia programu gani? Nani anawabadilishia maneno ya siri mkisahau? Konokono alimweleza juu ya Fundi, yule anayewatunzia kompyuta, mtu wa mizaha ambaye kila barua yake kwa wafanyakazi huimalizia kwa neno "tusibanane". Aliandika hilo huku akicheka. Akamweleza pia kwamba Fundi anaenda likizo, na maabara nzima wanaomba Mungu pasiharibike kitu.

Kuna vitu vilimpita begani kama upepo wa baridi, akajifunika shuka akaendelea. Jioni moja Jirani alimwandikia akae upande ule aliokaa jana, mwanga wake ni mzuri. Akahama. Nyuma yake pale ukutani lilining'inia koti lake la kazi, na kitambulisho chake kifuani. Jioni nyingine wifi aliingia na chai, akainama kuitazama skrini.

"Huyo mwenzio mbona hana uso?"

"Anaogopa watu, wifi. Kama mimi."

"Wewe unaogopa watu, na uso wako uko hapa hapa, kila siku naupa chai. Mwanaume wa kujificha gizani hivi, ama ana mke, ama hana meno." Akatoka akicheka, mlango ukabamizwa.

Hapo hapo ujumbe ukaingia: "Mwambie wifi yako nina meno yote."

Konokono akakitazama kitaa kidogo cha kijani juu ya skrini. Hakujua kwamba pamoja na kumwona, Jirani alikuwa pia anawasikia. Akajiambia ni utani. Ulikuwa utani. Lakini chai ilimpoa mkononi hajainywa.

Sura ya mwisho ya kozi ilihusu mashambulizi yanayopitia kwa watu badala ya mashine. Aliisoma Jumapili mchana, jua limejaa chumbani, wifi anafua uani. Mwishoni palikuwa na maswali ya kujipima, na moja liliuliza hivi: mfanyakazi mpweke amepata rafiki mtandaoni ambaye hajawahi kumwona, na rafiki huyo hupenda kumwuliza habari za kazini, mfanyakazi afanye nini kwanza? Akabonyeza jibu bila kufikiri: atoe taarifa kwa mkuu wake mara moja. Alama ya kijani ikatokea. Umepata.

Mkono ukabaki juu ya kipanya. Uani wifi alikuwa anaimba, na Konokono akamsikia kama mtu aliye mbali sana, ng'ambo ya mto.

Jioni ujumbe ukaja kama kawaida. "Washa kamera."

Akaandika: "Leo washa ya kwako."

Kisha, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, ikatoka sauti.

"Konokono."

Jina hilo hakuwahi kuliandika popote. Ilikuwa sauti ya mtu mzima, ya taratibu, kama ya daktari anayemtuliza mgonjwa asiogope sindano.

"Umeendelea vizuri sana," sauti ikasema. "Nilikuwa nafurahi nikikuona. Hilo sikudanganyi."

"Wewe ni nani?"

"Kesho nenda kazini kama kawaida. Kaa kwenye chumba chako cha nyuma. Usimwambie mtu."

Konokono alitaka kusema, ulimi ukaganda.

"Unaona?" sauti ikasema, bila ukali wowote. "Nimekutazama muda mrefu, nakujua. Mtu ambaye kununua mkate kwake ni ushindi, hatasimama mbele ya watu kuwaambia kwamba amewauza."

Duara la kijivu likatoweka, na mazungumzo yao yote yakafutika nalo.

Alimpigia Fundi, simu ilikuwa imezimwa. Akamwandikia Meneja: naomba kukuona kesho asubuhi, ni jambo kubwa. Meneja akajibu upesi: "Kama ni habari ya dirishani, tutaongea wiki ijayo. Utaweza tu." Konokono akaandika jibu refu, akalifuta. Akaandika fupi, akalifuta hilo nalo. Kila neno lilikuwa linaonekana kama limeandikwa na mwendawazimu. Wifi alipogonga kumwita mezani alisema kichwa kinamuuma.

Asubuhi alifika maabara akakuta barua katika kompyuta yake, imetumwa kwa wafanyakazi wote kabla hawajafika. Ilitoka kwa Fundi. Ilisema mfumo unafanyiwa marekebisho, kila mtu abonyeze hapa na kujaza neno lake la siri kabla ya kazi kuanza. Ikamalizia: asanteni, tusibanane.

Nywele zikamsimama. Lile neno alilitoa yeye, akicheka, na sasa lilikuwa limerudi limevaa nguo za mtu mwingine.

Kila Jumatatu wafanyakazi hukusanyika ukumbi wa mbele kabla ya kufunguliwa mlango, na Meneja huwasomea mambo ya wiki. Konokono kwa kawaida husimama nyuma ya kabati la majarida. Siku hiyo alisimama pale pale. Meneja alikuwa anazungumzia usafi wa mabenchi. Shati lilimganda mgongoni. Aliwaza kwamba anaweza kukaa kimya. Hakuna ambaye angejua. Yule mtu mwenyewe alimwambia hivyo, na katika maisha yake hakuna aliyewahi kumjua vizuri kama yule.

"Msifungue," akasema.

Hakuna aliyesikia. Meneja akaendelea na mabenchi.

"Msifungue barua ya Fundi!"

Vichwa vyote vikageuka. Mtu mmoja akacheka kidogo kwa mshangao, kwa vile hajawahi kuisikia ile sauti ikipanda.

"Vipi tena, Dada wa Majibu?" Meneja akauliza.

"Si ya Fundi ile."

"Mbona ni yeye?" Mpokezi akadakia, msichana mchangamfu wa pale dirishani. "Ameweka na tusibanane yake."

"Hiyo nilimwambia mimi."

"Ulimwambia nani?"

Hapo macho yote yalikuwa juu yake, na hakukuwa na pa kujificha.

"Sijui," Konokono akasema. "Simjui ni nani."

Mpokezi akaweka mkono mdomoni. "Mimi nimeshajaza," akasema taratibu. "Nimejaza nilipofika tu."

Mashine zikazimwa zote, nyaya zikang'olewa ukutani kama kwenye nyumba inayoungua. Wagonjwa nje wakaanza kugonga mlango. Fundi alipatikana kwa simu ya mkewe, akaja na nguo za likizo, akakaa kwenye kompyuta hadi alasiri bila kufanya mzaha hata mmoja. Alipomaliza alisema mafaili mengi yamepona. Lakini si yote. Majibu ya baadhi ya watu yalikuwa yameshatoka, pamoja na majina na namba zao za simu, na yaliyochukuliwa hayakuokotwa ovyo. Aliyeyachukua alichagua yale ambayo mtu angelipa chochote yasijulikane.

Meneja hakumfokea. Hakumtazama kabisa. Aliongea akiwa anaangalia karatasi ya majina aliyoishika.

"Hawa lazima waambiwe kabla hawajatafutwa. Utawapigia wewe. Mmoja mmoja."

Simu kwake ilikuwa mbaya kuliko salamu ya dukani. Kabla ya mambo haya angeweza kuitazama ikilia hadi ikate, kama anayetazama nyoka akipita. Akapewa chumba kidogo, akafunga mlango, akapiga. Wengine walimtukana. Wengine walikata simu kabla hajamaliza. Kuna mzee mmoja alimwuliza mara mbili kama ana hakika ni jina lake. Na kuna mama mmoja alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole:

"Ameshapiga, mwanangu. Leo mchana. Ana sauti nzuri yule kaka. Aliniambia nisiogope."

Konokono aliishikilia ile simu hata baada ya mama kukata.

Wiki iliyofuata akaja mwanaume mmoja pale dirishani, amevaa vizuri, akamtaka yule aliyempigia. Mpokezi akaja kumwita, akimwambia kwa ishara asitoke. Konokono akatoka.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Mke wangu alipigiwa na yule mwizi kabla hujanipigia mimi. Sasa anajua." Akamtazama kwa muda. "Nilitaka nikuone uso tu."

Hakusema jingine. Akaketi kwenye viti vya wagonjwa hadi maabara inafungwa, mikono magotini, akitazama dirishani. Kesho yake akaja tena, akakaa hivyo hivyo. Meneja akataka kuita polisi. Konokono akamwomba asiite. Siku ya tatu kiti kilikuwa kitupu. Hawakujua alitaka nini, wala alikwenda wapi, na kwa muda mrefu Konokono alipokuwa akitoka kazini alikuwa akitazama pande zote mbili za barabara.

Polisi waliandika maelezo, wakachukua kompyuta yake, wakairudisha. Mtu yule hakupatikana. Mkataba wa Konokono ulipoisha, Meneja hakumwandikia mwingine. Nyumbani kaka yake alimkwepa siku nyingi. Wifi ndiye aliyekuja kuketi kitandani kwake, akasema, "Mimi nilisema hana meno. Kumbe anayo," kisha wote wawili wakalia.

Mtihani aliufanya. Watu walishangaa, yeye mwenyewe alishangaa. Asubuhi hiyo msimamizi, sauti ya mwanamke asiyemwona, alimwamuru ageuze kamera taratibu chumba kizima, aonyeshe ukuta, meza, chini ya meza. Akageuza. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na kule kutotetemeka ndiko kulikomtia baridi, kwa kuwa alijua nani aliyemfundisha. Alijibu maswali yote. Alifaulu, si kwa alama za kujivunia, lakini alifaulu.

Sasa yuko katika kampuni moja ya kusafirisha mizigo, kitengo cha kompyuta. Alidhani angekaa peke yake na skrini. Kumbe kazi waliyompa kwanza ni kuongea na waajiriwa wapya kila wanapoingia, kuwaeleza namna watu wanavyoibiwa. Husimama mbele yao viganja vikimtoka jasho, na husimulia yaliyompata bila kumung'unya. Baadhi hutazama simu zao. Kila mara hakosekani mmoja wa kusema kwamba yeye asingedanganyika kijinga hivyo, na Konokono hambishii.

Mwezi uliopita alimaliza kusema, watu wakatoka, akabaki mhasibu mmoja mgeni, mwanaume wa makamo, anajifanya anatafuta kalamu chini ya kiti. Alingoja hadi wa mwisho atoke.

"Dada," akasema bila kunyanyua macho, "mimi nina rafiki."

Konokono akaenda akafunga mlango, akavuta kiti, akaketi karibu naye.

"Mlijuana vipi?" akamwuliza.